Mwili Husema Kazi Yake: Niliyojifunza Nikichua Watu Mtwara

Bega langu la kulia lilianza kuniuma mwaka 2004, nilipokuwa nabangua korosho katika kikundi kimoja cha akina mama hapa Mtwara mjini. Nilikaa kuanzia asubuhi hadi alasiri mbele ya mashine ndogo ambayo mkono huvuta mpini, mguu hukanyaga, na visu viwili hulipasua ganda, korosho moja baada ya nyingine, siku nzima. Maganda hayo yana mafuta meusi yanayobabua ngozi, na ingawa tulijipaka majivu au mafuta ya kula kwenye viganja kabla ya kuanza, jioni nilikuwa nikitazama vidole vyangu vilivyochubuka na kuamini kwamba madhara yote ya kazi ile yalikuwa pale, kwenye ngozi. Bega sikulifikiria. Lilianza kwa kuchoka, likafuatia kukakamaa, na ulipofika mwezi wa nne nilikuwa siwezi kufunga kilemba bila kuinamisha kichwa ili kiganja kikifikie.

Wenzangu walinielekeza kwa mtu mmoja aliyekuwa akichua watu karibu na soko. Hakuniuliza neno. Alinigusa begani, akasema mshipa umepanda na lazima ushushwe, kisha akanilaza kifudifudi juu ya mkeka na kunikandamiza kwa kiwiko kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Nilivumilia kwa sababu nililelewa nikiamini kwamba dawa ya kweli lazima iume, na kwamba anayelia mikononi mwa mchuaji anaharibu tiba. Kesho yake bega lilikuwa limevimba na kuwa na alama ya zambarau, na kwa siku tatu mume wangu ndiye aliyenisaidia kuvaa. Simlaumu sana mtu yule, kwa kuwa alifanya kama alivyofanyiwa na waliomtangulia. Lakini tangu siku hiyo sijakubali tena kwamba ukubwa wa maumivu ni kipimo cha ubora wa tiba, na katika miaka yangu yote ya kazi hii hakuna jambo ambalo nimelirudia kwa watu mara nyingi zaidi ya hilo.

Nilipoona hali haibadiliki nilipanda gari kwenda Newala, juu kwenye Uwanda wa Makonde, kwa bibi yangu mzaa mama. Pale kijijini yeye ndiye aliyeitwa mwanamke anapojifungua, mtoto anapoteguka mguu, au mzee anaporudi shambani akiwa ameshika kiuno. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanikalisha, akanilisha, na siku ile hakunigusa kabisa. Alinihoji tu. Aliuliza ninalalia upande gani, nikibeba maji natumia kichwa au mkono, mtoto nambeba ubavu upi. Mwishoni akaniambia, "Mjukuu wangu, kaa hapo chini unionyeshe hiyo korosho unaibanguaje." Nikakaa, nikaigiza kuvuta mpini na kukanyaga. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia niendelee, na nilipokuwa naendelea akaja nyuma yangu na kuweka kidole kimoja, si kwenye bega linaloniuma, bali upande wa shingo, chini kidogo ya sikio. Pale palikuwa pagumu kama kamba ya jahazi, na mimi sikuwahi kujua kama panauma.

Asubuhi yake alianza kazi. Chupa ya mafuta ya ufuta aliiweka ndani ya bakuli la maji ya moto hadi mafuta yakawa na uvuguvugu, akajipaka viganjani, akaweka kiganja kimoja katikati ya mgongo wangu na kukiacha hapo bila kukisogeza. Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa anasubiri nishushe pumzi, na niliposhusha ndipo mkono wake ulipoanza kwenda, polepole, kutoka kiunoni kupanda mabegani na kushuka tena. Alichukua muda mrefu kwenye mkono wangu kuanzia kifundo hadi kiwiko, sehemu ambayo sikuwa nimeilalamikia, na alipofika shingoni alipata ile sehemu ngumu, akaishika kwa dole gumba bila kuisugua, akaniuliza kama naweza kuvumilia huku ninaongea. Nikasema naweza. Akashikilia hivyo hivyo, na baada ya muda nilisikia ile sehemu inalegea chini ya kidole chake, kama fundo la kamba linapolowa. Kwenye bega lenyewe hakukaa hata dakika 5.

Nilikaa kwake wiki tatu, na nikarudi mara nyingi katika miaka miwili iliyofuata, si kama mgonjwa bali kama mwanafunzi. Mwaka 2006 nikaanza kupokea watu nyumbani kwangu Mtwara.

Kwanza alinifundisha kutenganisha maneno, maana watu huyachanganya. Kukanda kwake kulikuwa ni kwa maji ya moto na kitambaa, kunakofaa mwili uliokakamaa kwa baridi na uchovu. Kuchua ni kwa mafuta na mkono, ambako nyama ya mwili inashikwa, inasukumwa na kulegezwa. Kusinga ni kwa singo, liwa na manukato, ni usafi wa ngozi na mapambo ya mwili, na ingawa kunampumzisha mtu sana, bibi alikataa katakata kukuita tiba. Siku hizi maneno haya yote yamemezwa na neno masaji, na sina ugomvi nalo, ila mteja akiniambia anataka masaji bado namuuliza anataka lipi kati ya hayo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Ulaya kuchua kwa mpangilio hutajwa pamoja na Msweden Per Henrik Ling, aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, na Mholanzi Johann Georg Mezger, ambaye anahusishwa zaidi na kuyapa majina yale mapito ya mkono: kupapasa kwa urefu, kufinyanga, kusugua, kugonga. Niliposoma maelezo ya mapito hayo niliona mikono ya bibi yangu, hatua kwa hatua, isipokuwa kugonga, ambako hakukupenda. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba kilicho cha bibi zetu ni cha kubahatisha.

Lakini urithi mkubwa alionipa ni lile swali la siku ya kwanza, la kumtaka mtu aonyeshe kazi yake. Anayeishi mkoa huu akilichukua swali hilo kwa uzito, ataona kwamba maumivu yana msimu, na kwamba msimu huo ni wa korosho. Kuanzia mwezi Juni mpaka Agosti wanaokuja kwangu ni vijana wanaopulizia mikorosho salfa na dawa nyingine za kukabili ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Mashine ya kupulizia inabebwa mgongoni, ina injini na tangi, na mikanda yake hukaa juu ya mabega kuanzia alfajiri, maana upepo ukishapanda kazi haifanyiki vizuri. Kijana anakuja akisema mgongo unamuuma, lakini nikimtaka anyooshe mikono mbele anasema vidole vinafanya ganzi usiku. Mkanda umekaa mahali pabaya, karibu na shingo, unabana njia ya mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, na shingo nayo imejikunja mbele ili kusawazisha mzigo. Huyo nikimchua mgongo peke yake nimempotezea muda. Namchua kifua chini ya mfupa wa mtulinga, ubavu wa shingo na kombe la bega, kisha namwambia aje na mikanda ya mashine yake tuitazame. Mara nyingi dawa huwa ni kipande cha godoro kilichoshonewa kwenye mkanda, kamba ya kifuani inayovuta mikanda hiyo isogee mbali na shingo, na kupumzika kila baada ya mistari michache ya mikorosho.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba ni zamu ya viuno. Korosho haichumwi mtini, husubiriwa ianguke, kwa hiyo kuvuna ni kuokota, na wanaookota zaidi ni wanawake, wameinama kuanzia kiunoni huku magoti yamenyooka, wakisogea mti hadi mti, wakinyofoa korosho kwenye bibo na kutupia ndoo. Mwanamke akikueleza kwamba mgongo unamuuma, ukimtaka ainame kama anavyookota utaona mgongo wa chini ndio uliobeba kila kitu, na nyonga hazifanyi kazi. Misuli ya nyuma ya mapaja imekaza kama waya. Nimejifunza kwamba nikianzia huko, kwenye mapaja na makalio, juu ya kanga, kiuno hulegea kabla sijakigusa. Halafu namfundisha kuokota akiwa amepiga goti moja, au akisogeza kigoda kidogo, na kubadilisha mkono. Wengine huniambia wataonekana wavivu shambani. Neno hilo huniumiza, maana ni wanawake wanaoamka saa kumi alfajiri, wanapika, wanatwanga, wanakwenda shamba, kisha wanaogopa kuitwa wavivu kwa kupiga goti.

Na wabanguaji huja mwaka mzima, wakiwa na shingo na kifundo cha mkono. Hao nawajua bila kuwauliza, lakini nawauliza.

Kwa miaka kadhaa nilifanya hivyo kwa uzoefu tu, mpaka nilipokutana na mtaalamu wa viungo wa hospitali aliyekuja kwangu mwenyewe na shingo iliyokaza. Tulizungumza mengi, na akaniruhusu niwe namuuliza. Kwanza alinivunjia imani mbili nilizokuwa nazo. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kuchua kunatoa sumu mwilini na kwamba baada yake wanywe maji mengi ili sumu itoke. Akanieleza kwamba kazi ya kutoa taka ni ya figo na ini, na mkono wangu hauongezi chochote hapo. Pia nilikuwa nikisema, kama wengi wasemavyo, kwamba pingili ya mgongo ikilia "ko" imerudi mahali pake. Akanieleza kwamba ule mlio ni wa gesi iliyomo kwenye majimaji ya kiungo, na kwamba pingili ya mtu mzima mwenye afya haitoki na kurudi kama droo ya kabati. Niliona aibu kwa wale wote niliowaambia hivyo, na waliokuwa bado wanakuja niliwarekebishia mmoja mmoja.

Kisha akanieleza ukweli ambao wachuaji wengi hawapendi kuusikia: kwamba kuchua kunapunguza maumivu ya mgongo na shingo, lakini nafuu hiyo mara nyingi ni ya muda mfupi, na kinachodumu ni mwendo na mazoezi. Hayo nimeyakuta hata katika mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, tatizo ambalo shirika hilo linasema lilikuwa na watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Kuchua kumo ndani ya mwongozo huo, kando ya elimu kwa mgonjwa na mazoezi, na mikanda ya kufunga kiunoni, ambayo hapa kwetu watu huinunua kwa fedha nyingi, haipendekezwi. Mimi sikuona kwamba kazi yangu imedharauliwa. Niliona imewekwa mahali pake: mkono unampa mtu siku mbili au tatu za nafuu, na katika siku hizo anaweza kunyoosha mwili aliokuwa anaogopa kuunyoosha. Ndiyo maana hakuna anayetoka kwangu bila zoezi moja la kwenda nalo na jambo moja la kubadilisha kazini. Nampa moja tu, kwa sababu nimeona kwamba anayepewa matano hafanyi hata moja.

Sasa naeleza kosa langu, na naomba lisomwe kwa makini na kila anayegusa miili ya watu.

Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga, na abiria wengi wakakwama njiani. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa miongoni mwao. Alikaa ndani ya gari karibu siku mbili, miguu imekunjwa, akinywa maji kidogo ili asisumbuke kutafuta mahali pa kujisaidia. Alipofika nyumbani, kigimbi cha mguu wa kushoto kilikuwa kinamuuma, na mke wake akamleta kwangu. Nilikuwa na watu wengi siku hiyo. Mke alisema ni uchovu wa safari, nami nikasema pole baba, nikamlaza, nikachukua mafuta na kuanza. Nilikuwa na miaka 18 katika kazi hii. Sikuuliza kitu.

Nilimchua kama dakika 2 au 3 hivi. Kilichonisimamisha ni joto. Mkono wangu ulipotoka mguu wa kulia na kurudi wa kushoto, nilihisi kwamba ule wa kushoto una moto, na nilipotazama vizuri, mbele ya dirisha, niliona ni mnene kuliko mwenzake, ngozi inang'aa. Nikakumbuka maneno ya yule mtaalamu wa viungo: kigimbi cha upande mmoja kilichovimba, chenye joto na maumivu baada ya kukaa muda mrefu, upasuaji au kujifungua, usikiguse, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani, na ikimeguka inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Niliondoa mikono yangu kama niliyegusa kaa la moto. Nikamwambia mama asimruhusu kutembea, nikatoka mwenyewe kutafuta bajaji, nikawasindikiza hospitali. Kipimo kilionyesha damu iliyoganda. Alipewa dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda, akapona, na hadi leo akipita hunisalimia na kunishukuru kwamba nilimwahisha. Kila anaponishukuru mimi huzikumbuka zile dakika.

Maswali yangu matatu yangetosha. Umekaa wapi, kwa muda gani, na mguu mwingine ukoje. Yalikuwa ni maswali ya bibi yangu yale yale, ila siku ile niliyaacha kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilijiona najua.

Tangu wakati huo simgusi mtu kabla ya kumhoji, hata kama ni yule ninayemchua kila wiki, na wapo ninaowarudisha au kuwapeleka hospitali bila kuwagusa kabisa. Mwenye maumivu ya mgongo anayetokwa na jasho usiku, ana homa na amepungua mwili, simchui. Mmoja wa namna hiyo alikutwa na kifua kikuu kwenye uti wa mgongo. Mwenye ganzi sehemu za siri au kwenye mapaja kwa ndani, au ambaye ghafla ameshindwa kuzuia mkojo au choo, huyo hata kesho haimfai, aende saa hiyo hiyo. Aliyeanguka mnazini au kwenye bodaboda, piga ua, apigwe picha kwanza. Kiungo kilichoteguka leo hakisuguliwi leo. Kinapumzishwa, kinainuliwa, kinawekewa kitu cha baridi, na mkono unasubiri siku mbili au tatu mpaka uvimbe upungue. Mtoto aliyeanguka na kiwiko kikavimba sitakigusa hata mama yake akilia, kwa maana nimeona viwiko vilivyokandwa kwa nguvu vikabaki vimepinda.

Kuna la akina mama pia, nalo ni gumu kulisema kwa sababu linagusa mila zetu. Tumbo la mjamzito silichui wala sigeuzi mtoto, ingawa wapo wakongwe wanaofanya na wapo wanaonifuata kwa ajili hiyo. Mwanamke anayesema ana chango, yaani maumivu ya tumbo la chini, namsikiliza hadi mwisho, nampa pole, kisha namwomba aende akapimwe kabla ya lolote, kwa kuwa ndani ya neno hilo moja nimeona vitu vingi tofauti, kuanzia maumivu ya kawaida ya hedhi hadi uvimbe kwenye kizazi. Na kumkanda mzazi aliyetoka kujifungua kwa maji ya moto ni jambo ninalolipenda na kulithamini: lile joto mgongoni na mapajani, zile siku ambazo mama hafanyi kazi, wale shangazi na mama wakubwa wanaokaa naye chumbani. Ila maji yawe ya kuvumilika kwenye ngozi ya kiwiko cha anayekanda, na tumbo liachwe, hasa tumbo lililopasuliwa. Bibi yangu alikuwa na kovu la maji mkononi tangu ujana wake, alilipata akimkanda dada yake, na alilitumia kufundishia wote tuliopita mikononi mwake.

Msongo wa mawazo nilichelewa kuuelewa. Nilikuwa nikidhani kwamba watu wanakuja na misuli, kisha nikaona kwamba wengine wanakuja na usiku ambao hawakulala. Msimu mmoja ambao malipo ya korosho yalichelewa, alikuwa akija kwangu mkulima kutoka upande wa Tandahimba, akiongozana na mke wake, akilalamika kichwa na taya. Taya zake zilikuwa zimekaza kiasi kwamba kutafuna kulimuuma. Nilimchua nyuma ya kichwa, mahali misuli ya shingo inapoingia kwenye fuvu, na pembeni ya uso kwa ncha za vidole, taratibu sana, bila kuongea, simu zote zikiwa zimezimwa. Mara ya pili alilala usingizi. Mke wake akanikonyeza nisimwamshe, na tukakaa wawili tukimsikiliza akikoroma kwa karibu saa nzima. Mguso wa polepole wenye uzito wa kutosha hupunguza mapigo ya moyo na kuufanya mwili ushushe ulinzi wake, hilo nimelihisi chini ya viganja vyangu mara nyingi mno. Lakini deni lake lilikuwa pale pale alipoamka. Mtu ambaye kila akija huniambia kwamba haoni faida ya kuishi, kwake mimi ni mlango wa kwanza tu. Nakaa naye, namtafuta ndugu anayemwamini, na nahakikisha amemwona daktari. Kumchua tu na kumwacha aende zake kungekuwa ni kumfukuza kwa upole.

Kuhusu heshima ya kazi, nasema kwa uchungu kwamba vibao vya masaji katika miji yetu vimechafuliwa na biashara nyingine, na mwanamke anayefanya kazi hii kwa uaminifu hulipa gharama ya jambo hilo kila anapojitambulisha. Mimi nachua wanawake, na mwanaume nampokea akiwa na mke wake au ndugu yake, mlango ukiwa wazi na pazia limeshushwa. Sehemu ninayoichua ndiyo inayofunuliwa, nyingine inafunikwa kanga. Nauliza kabla ya kuhamisha mkono, na mteja anaweza kusema basi wakati wowote. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 pamoja na Baraza lake, na nawashauri wenzangu wanaotoa tiba wasiogope kujisajili na kuuliza mipaka yao, kwa kuwa anayejificha hana wa kumtetea siku akisingiziwa.

Madole gumba yangu yalianza kuuma baada ya miaka kama kumi, na nikalazimika kujifunza upya kazi niliyodhani naijua: kutumia mkono wa mbele badala ya vidole, kuegemeza uzito wa mwili badala ya kusukuma, kupandisha kitanda kiwe usawa wa nyonga zangu. Kwa siku sichui zaidi ya watu 5.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Mikindani, mbanguaji, na bega la kulia. Nilimwona anavyotembea tangu getini na nikajua, lakini nikamkalisha, nikampa maji, nikamwomba aniigizie. Aliketi, akanyoosha mkono kuelekea mpini usioonekana, na bega lake likapanda hadi karibu na sikio kabla hajavuta hata mara moja. Nikaweka kidole changu shingoni mwake, chini kidogo ya sikio, akashtuka. Meza ya mashine yake ilikuwa juu mno kwa kimo chake. Alikuwa ameirithi kwa dada yake, ambaye ni mrefu. Siku ile nilimchua kwa dakika 40, nikamwambia kijana wake atafute matofali mawili na ubao, kiti cha mama kiinuliwe na mguu upate pa kukanyaga. Alirudi baada ya wiki mbili. Aliketi tena, akavuta ule mpini wa hewani, na bega likabaki chini, mahali pake. Siku hiyo nilimchua kwa robo saa tu, kwa sababu hapakuwa na kazi ya zaidi ya hapo.